Kiwambo: Msuli wa Pumzi Ulioshikamana na Kiuno

Mgonjwa wa kiuno akifika kwa mtaalamu wa fiziotherapia, anaweza kuambiwa alale chali, akunje magoti, aweke mkono mmoja kifuani na mwingine tumboni, kisha avute pumzi polepole mpaka mkono wa tumboni uinuke. Huenda akashangaa: kiuno na pumzi, wapi na wapi? Jibu limo katika istilahi moja, kiwambo, ambacho wengine hukiita diaframu.

Neno limetokana na kitenzi kuwamba. Kama ngozi inavyowambwa juu ya mzinga wa ngoma, ndivyo msuli huu mpana na mwembamba ulivyotandazwa kati ya kifua na tumbo. Istilahi imepatia, ila haimalizi habari. Ngozi ya ngoma imetulia tambarare. Kiwambo kimebinuka kwenda juu, na mtu avutapo pumzi hukaza, kikashuka, mapafu yakajaa hewa na tumbo likatuna. Tena kimeshikamana na mbavu za chini, na kwa nyuma kano zake zimejishikiza kwenye pingili za juu za kiuno. Hapo ndipo penye kiini cha jambo.

Mwaka 1997 Paul Hodges na wenzake nchini Australia walionyesha kwamba mtu anapoinua mkono kwa haraka, kiwambo hukaza hata kabla mkono haujasogea. Shinikizo la tumboni hupanda, uti wa mgongo ukapata egemeo. Kumbe msuli wa pumzi ni mlinzi wa mgongo pia!

Je, mazoezi ya pumzi yanatibu? Maumivu ya kiuno huitwa sugu yakizidi miezi 3. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2005 huko Marekani, wagonjwa waliopewa tiba ya pumzi walipata nafuu iliyokaribiana na ya wale wa fiziotherapia. Ni habari njema, lakini wagonjwa wenyewe hawakufika 40, kwa hiyo pumzi iandamane na kutembea na mazoezi ya kuimarisha misuli, isichukue nafasi ya hayo.

Na mwenye maumivu ya kiuno akiona miguu inalegea, anakufa ganzi sehemu za siri au anashindwa kuzuia mkojo, asingojee mazoezi yoyote: akimbilie hospitali siku hiyohiyo.