Safu Isiyokuwepo kwenye Fishi

Daftari langu la staji bado ninalo. Ndani yake mna fishi kumi na mbili za maandalizi ya masomo ya majaribio niliyofundisha katika shule moja ya msingi ya Kikula, hapa Likasi, nilipokuwa mwaka wa tatu wa graduati ya ualimu. Kila fishi imechorwa kwa rula. Juu kuna tarehe, darasa, somo, vifaa, na lile lengo tulilolikariri mpaka usingizini: mwisho wa somo mwanafunzi ataweza kufanya hiki na kile. Chini yake kuna safu mbili, kushoto kazi ya mwalimu, kulia kazi ya wanafunzi. Hatua zinafuatana: kukumbusha somo lililopita, kuamsha hamu, kutangaza somo jipya, kuchambua, kujumlisha, kupima. Yote kwa Kifaransa, hata majibu ya watoto, ambayo tuliyaandika usiku watoto wenyewe wakiwa wamelala.

Fishi ya nne inahusu maji kugeuka mvuke. Niliuliza swali langu la kwanza mara mbili kama lilivyoandikwa, na darasa zima likanyamaza. Nyuma, wenzangu walikuwa wamekaa mstari mmoja, kalamu mkononi, wakiandika makosa yangu. Nikaweka fishi mezani nikauliza: "Mama akiteleka mayi ya bukari, akiyaacha sana ku moto, mayi inaenda wapi?" Mikono ikainuka. "Inapanda, mwalimu!" "Inakuwa moshi!" Mtoto mmoja wa kike aliyekaa karibu na dirisha akasema: "Kifuniko inalia, mwalimu." Alikuwa ameona matone chini ya kifuniko cha sufuria, kitu ambacho mimi sikuwa nimekiandika popote.

Wakati wa ukosoaji nilikatwa alama. Somo, niliambiwa, lilitoka nje ya fishi. Nilikubali kwa kichwa, moyo ukakataa, na tangu siku hiyo nimekuwa nikiuliza fishi hiyo ilitoka wapi na kwa nini haina nafasi ya sentensi ya yule mtoto.

Ilitoka mbali. Wazo la kugawa somo katika hatua zisizobadilika ni la wafuasi wa Herbart, mwanafalsafa Mjerumani aliyefariki 1841. Mazoea ya kuanza na kitu cha kutazama kwa macho yalitiwa nguvu na Decroly, daktari Mbelgiji. Lile lengo la "mwanafunzi ataweza" liliingia miaka ya 1970, wakati vitabu vya De Landsheere wa Liège vilipokuwa mikononi mwa maprofesa wetu. Sisemi vibaya juu ya watu hao. Fishi imeniokoa siku nyingi nilizofika darasani na homa. Ila hakuna hata mmoja kati yao aliyewazia mtoto anayeulizwa kwa lugha moja na kufikiri kwa nyingine.

Na mji wetu ni wa lugha nyingi tangu mwanzo. Enzi za ukoloni, mji ukiwa Likasi na baadaye Jadotville, kampuni ya migodi ya Union Minière iliwaleta wafanyakazi kutoka Kasai, Maniema, Rwanda na Rhodesia ya Kaskazini. Kiwanda cha Shituru kilianza 1929. Watu wa kambi za wafanyakazi walihitaji lugha ya kusalimiana kisimani na ya kuamuriwa kazini, na Kiswahili kikashika nafasi hiyo. Shule za kambi ziliendeshwa na wamisionari, na watoto wadogo walifundishwa kwa Kiswahili. Sitaki kulipamba jambo hilo. Serikali ya kikoloni na kampuni hawakutaka mtoto wa mfanyakazi afike mbali. Walitaka mfanyakazi mwingine. Lakini mwalimu wa Kiafrika aliingia darasani akiwa na lugha ambayo watoto walikuwa nayo.

Baba yangu alikuwa mmoja wa walimu hao. Baada ya mageuzi ya 1948 kulikuwa na njia mbili za kuwa moniteri, yaani mwalimu wa shule ya msingi: shule fupi ya miaka miwili, au chuo cha miaka minne. Yeye alipita ile ya minne. Alifundisha darasa la kwanza kusoma kwa Kiswahili, na alituonyesha jinsi alivyochora silabi hewani kwa kidole kabla ya kugusa ubao, kwa sababu chaki ilikuwa ya kuhesabu.

Halafu uhuru ukaja, na 1962 ikaamuliwa kwamba Kifaransa kitumike kufundishia tangu darasa la kwanza. Naelewa sababu. Wazazi waliona Kifaransa ndicho kilichowatenga na ofisi, wakataka watoto wao wakipate mapema. Lakini baba aliingia darasa lake mwenyewe kama mgeni. Tena nchi haikuwa na walimu wa kutosha wa sekondari. Walikuja wageni, wakiwemo Wahaiti wengi, na 1961 Institut Pédagogique National ilifunguliwa Léopoldville ili tuwafundishe walimu wetu wenyewe. Mwaka 1971 vyuo vikuu vyote viliunganishwa kuwa chuo kikuu kimoja, UNAZA, na vyuo vya ualimu, hivi tunavyoviita ISP, vikawekwa chini yake.

Mwaka 1974 wanaisimu wa Zaire walikutana Lubumbashi, kilomita kama 120 kutoka hapa, wakatetea lugha za taifa ziingie shuleni. Sheria ya elimu ya 1986 ilizipa nafasi, ile ya 2014 ikazipa tena. Mimi nilisoma chuoni ngeli za Kiswahili, na mtihani wake niliujibu kwa Kifaransa. Hakuna kozi hata moja iliyonifundisha kuandaa somo la hesabu kwa Kiswahili. Na kile Kiswahili bora cha vitabuni si kile cha Kikula. Mtoto wetu anasema "mayi", na kitabu kinamsahihisha kabla hakijamsikiliza.

Miaka ya 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika mji huu. Walilala stesheni na kwenye viwanja wakingoja treni, na kati yao walikuwemo walimu, wengine waliokuwa wamenifundisha mimi. Madarasa yalibaki na watu wasiosomea kazi. Wakati huohuo mshahara wa serikali ulikuwa umekauka, wazazi wakaanza kuwalipa walimu. Katika miaka hiyo hakuna aliyekosoa lugha ya mtu. Aliyekuja kufundisha alishukuriwa.

Sasa mfumo umebadilika tena. Graduati imetoweka, lisansi ni miaka mitatu, masomo yanahesabiwa kwa krediti. Staji imebaki, na kila mwaka ninapokea wanafunzi wawili au watatu nyuma ya darasa langu. Mwezi uliopita mmoja alinionyesha fishi yake kabla ya somo. Ilikuwa safi, safu mbili. Pembeni aliandika maneno ya Kiswahili kwa penseli, madogo sana. Nilimuuliza kwa nini penseli. "Nitafuta kabla profesa hajafika, mama."

Nilimpa kalamu yangu ya bici. Tukaketi kwenye benchi la nje tukatafuta pamoja neno la mvuke: yeye alitaka la kamusi, mimi nilitaka "moshi ya mayi". Tuliandika yote mawili, kengele ikalia.