Joka la Uluguru na Watu wa Uzaramo

Kijana wa Kiwalani anayependa filamu atakutajia Odin, Thor na Loki bila kusita, na huenda hata nyundo ya Thor anaijua kwa jina. Ni vizuri kuyajua hayo. Lakini ardhi anayoikanyaga, kuanzia Vingunguti na Kipawa mpaka vilima vya Pugu na Kisarawe, ni ardhi ya Uzaramo, na Wazaramo nao walikuwa na mwenye enzi wao wa mvua na rutuba. Aliitwa Kolelo. Makao yake hayakuwa Pwani. Yalikuwa pangoni, katika milima ya Uluguru, safari ya siku kadhaa kwa miguu. Ili tuelewe kwa nini watu wa huku walikwenda kuomba mvua kule, inabidi tuanze na safari ya wazee wao.

Masimulizi ya Wazaramo yanasema kwamba wazee hao walishuka kutoka Uluguru na Ukutu, wakaja kidogo kidogo kuelekea baharini. Walivutwa na chumvi na biashara ya Pwani, na jina linalotajwa kuliko yote ni la Pazi, mwindaji wa tembo. Huyu aliwasaidia Washomvi, wenyeji wa Pwani ya Mzizima, ambapo leo ni Dar es Salaam, kuwafukuza wavamizi wa Kikamba, na kwa msaada huo watu wake wakapata haki ya kufaidi mali ya Pwani. Mizimu ya wazee waliweza kuitambikia huku huku walikohamia, kwa kuwa makaburi waliyachimba huku. Mvua ilikuwa jambo jingine. Mawingu waliyaona yakijikusanya juu ya milima ile ile, na Mto Ruvu uliokatiza nchi yao mpya ulikuwa unatoka huko huko. Kwa hiyo walihama kwa miguu, lakini katika suala la mvua waliendelea kuwa watoto wa mlimani.

Kolelo mwenyewe alikuwa nani? Juu kabisa, katika imani ya Wazaramo, yupo Mungu aliyeumba vyote, lakini yeye yuko mbali na hasumbuliwi kwa kila shida. Kolelo alikuwa joka kubwa lililotumwa na Mungu huyo kuja kutengeneza mambo yaliyoharibika duniani. Inasimuliwa kwamba alimtwaa mwanamke wa ukoo wa Mlali, na ukoo huo ndio uliokuwa ukilinda pango na kupokea wageni. Mvua ikikatika, wazee wa Uzaramo walituma wajumbe. Wajumbe hao walibeba sadaka, na iliyofaa zaidi kwa maombi ya mvua ilikuwa kaniki, kitambaa cheusi, kwa sababu nyeusi ndiyo rangi ya wingu lililobeba maji. Mtu alikuwa anakwenda siku nyingi kupeleka kipande cha nguo chenye rangi ya kile anachokiomba.

Hapo ndipo ulinganisho na watu wa kaskazini mwa Ulaya unapotusaidia. Thor wa filamu ni mpiganaji, lakini Adam wa Bremen, aliyeandika karibu mwaka 1075, anasema kwamba Waswidi walimwona Thor kuwa mtawala wa radi, mvua na mazao. Yaani mkulima wa kule naye alikuwa akitazama juu kwa hofu ile ile. Tofauti iko kwa joka. Katika hadithi za kaskazini, joka kubwa linaloizunguka dunia baharini ni adui wa Thor, na siku ya mwisho watauana. Kwa Wazaramo joka ndilo lililoleta msaada.

Kuna fanano jingine, nalo linamhusu kila anayetaka kuijua historia hii. Waaislandi, waliokuwa na miungu hiyo hiyo ya kaskazini, waliupokea Ukristo mwaka 1000 hivi, na mwenzao Snorri Sturluson aliandika habari za miungu ya zamani karibu mwaka 1220, akiwa Mkristo. Habari za Kolelo nazo ziliandikwa na watu wa nje ya imani hiyo. Richard Burton, Mwingereza aliyepita Ukutu mwaka 1857, aliandika juu ya pango la mzimu alioutaja kwa majina mawili, Kurero au Bokero. Baadaye, kuanzia mwaka 1910, mmisionari Mjerumani Martin Klamroth alichapisha maelezo marefu ya dini ya Wazaramo. Snorri angalau alikuwa mtoto wa nchi ile. Klamroth alikuja kuwataka watu wamwache Kolelo, kwa hiyo maneno yake tunayahitaji, lakini tuyasome kwa uangalifu.

Tukifika mwisho wa karne ya 19, nchi ilikuwa mikononi mwa Wajerumani, na Dar es Salaam ilikuwa makao makuu yao tangu mwaka 1891. Mwaka 1898 ilianza kodi ya nyumba, rupia tatu. Mwaka 1902, chini ya Gavana von Götzen, yakaanza mashamba ya pamba ya pamoja, ambayo majumbe waliamriwa kuyasimamia. Mapato yaligawanywa mafungu matatu, na wakulima walipata fungu moja tu la kugawana wote. Malipo ya kwanza kusini mwa Dar es Salaam yalikuwa senti 35 kwa mtu, na watu wakayakataa. Ubaya wa pamba haukuwa malipo peke yake. Kazi yake iligongana na kazi ya mashamba ya chakula.

Mwaka 1905 ukaja ujumbe mpya kutoka mlimani. Kwa maelezo ya Klamroth, Kolelo alikataza watu wasilipe tena kodi. Katikati ya Julai gharika ingewafagia Wazungu na wafuasi wao. Baadaye ikasemwa kwamba ardhi ingewameza, na bunduki zao zingetoa maji badala ya risasi. Wakati huo huo, kusini huko Ngarambe, mganga Kinjikitile Ngwale alikuwa akigawa maji ya dawa yaliyochanganywa na mtama, ya kuwakinga watu na risasi. Mwezi Julai Wamatumbi waling'oa pamba, na vita vya Majimaji vikaanza.

Kwa nini mwenye mvua aligeuka mwenye vita? Von Götzen aliona njama ya waganga waliowadanganya watu. Maelezo hayo yalimfaa, kwa sababu yaliiondolea serikali yake lawama. Wengine wanasema chanzo ni pamba na kodi, na dini ilikuwa vazi tu. Mwanahistoria John Iliffe alionyesha kwamba imani hii ya kale iliunganisha watu wa makabila mbalimbali, ilhali Gilbert Gwassa alimweka mbele Kinjikitile na unabii wake mpya. Kwangu mimi, maelezo ya pamba yanatueleza kwa nini watu walikasirika, lakini hayatuelezi kwa nini waliamini kwamba wangeshinda. Kolelo alikuwa mlinzi wa utaratibu wa ardhi, mvua na mazao. Serikali iliingia moja kwa moja katika utaratibu huo, ikawatoa watu shambani kwao msimu wa kulima. Waliomlilia Kolelo mwaka 1905 walimpelekea shauri lililokuwa lake tangu mwanzo.

Maji hayakuzuia risasi. Kinjikitile alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905. Kibasila, jumbe wa Kizaramo aliyeipinga kazi ya pamba, naye alinyongwa. Leo jina lake liko kwenye shule ya sekondari ya Kibasila, Temeke. Wajerumani walikadiria vifo 75,000, na Gwassa aliona vilifika 250,000 hadi 300,000, wengi wao wakiuawa na njaa baada ya mashamba na maghala kuchomwa. Katika miaka iliyofuata Uislamu ulienea kwa kasi Uzaramo, na wajumbe wa kwenda pangoni wakapungua.

Kata ya Kolero bado ipo katika wilaya ya Morogoro. Na sehemu kubwa ya maji ya bomba ya Dar es Salaam hutekwa Mto Ruvu, ambao chanzo chake ni milima ya Uluguru.