Dinari ya Kaisari Mikononi mwa Wakusanyaji

Wakusanyaji wa sarafu za kale za Kirumi huithamini sana dinari ya fedha ya Kaisari Tiberio, aliyetawala mwaka 14 hadi 37 B.K. Upande mmoja una kichwa chake na maandishi yamwitayo mwana wa Augusto aliyefanywa mungu. Upande wa pili ameketi mwanamke, na maandishi yatajayo cheo cha Kaisari cha kuhani mkuu. Wauzaji huiita sarafu ya kodi, yaani ile aliyoonyeshwa Bwana wetu (Marko 12:13-17).

Je, tukubali? Marko ataja dinari, lakini hasemi ni ya Kaisari yupi. Nazo dinari za Augusto zilikuwa zikitumika bado. Tena, dinari chache tu za Tiberio zimechimbuliwa Yudea. Fedha iliyoenea huko ilikuwa ya Tiro. Basi jina hilo limeongeza bei kuliko ushahidi.

Sisi tufundishao na tujihadhari. Sarafu iliyotolewa ardhini pasipo kuandikwa mahali ilipopatikana imepoteza sehemu kubwa ya ushuhuda wake. Tuionyeshe darasani kama mfano wa zama zile, wala tusiiapie. Neno la Bwana halihitaji hakika ya kubuni. Dinari yo yote yenye sura ya Kaisari yatosha kulieleza.