Nani Aulize, Nani Ajibu: Mazungumzo ya Vitabuni katika Nchi ya Mlali na Kongwa

Msomaji wa visiwani akisikia jina la Mlali, yamkini hatajua auelekeze uso wake upande gani. Ni kata ya Wilaya ya Kongwa, mkoani Dodoma, katika ile nchi kavu ya uwanda wa kati ambako Wagogo na Wakaguru wamepakana. Haina bandari wala jahazi. Mtu wa pwani ana haki ya kuuliza jarida la mashairi limefuata nini huko.

Limefuata kitabu kidogo. Namaanisha kile kitabu kinachomfundisha mgeni wa lugha aseme nini akifika sokoni, kisimani, au mlangoni pa mtu. Sote tunakijua. Mna mtu wa kwanza na mtu wa pili. Wa kwanza anauliza bei ya mkate, wa pili anaitaja, kisha wanaagana kwa adabu. Hakuna anayedaiwa, hakuna mwenye homa ila somo liwe la daktari, wala mvua hainyeshi mpaka ifike sura ya hali ya hewa. Mtoto wa Mlali leo anafunzwa Kiingereza kwa mazungumzo kama hayo. Tunayacheka, nasi tunasahau kuwa ni hati za historia: yanatuonyesha mtungaji alidhani mwanafunzi wake atakutana na nani, na kati ya hao wawili nani amepewa haki ya kuuliza. Na nchi hii ya Kongwa na jirani zake imepitiwa na mazungumzo ya namna hiyo zaidi ya mara moja.

Kabla ya vitabu palikuwa na misafara. Njia kuu iliyotoka Bagamoyo ilipita Mpwapwa, ikaingia Ugogo, ambako maji ni machache na watemi walitoza hongo. Neno hilo leo limechafuka, lina maana ya rushwa. Zama zile lilikuwa jina la ada ya kupita, na ada yenyewe haikuwa na bei moja. Ilizungumzwa, pengine kwa siku kadhaa, huku wapagazi wameketi kivulini wakiona kiu. Mwenye haja alikuwa ni mgeni. Ilimpasa asalimie, angoje, aulizwe atokako na aendako, ajibu, ndipo naye aulize. Hivyo Kiswahili kilipanda uwanda huu kikiwa lugha ya mwenye kuomba njia kabla hakijawa lugha ya mwenye kutoa amri. Jambo hili husahauliwa na wanaodhani kuwa lugha yetu ilikwenda bara na fimbo tangu siku ya kwanza.

Wakati huohuo, Unguja, Edward Steere alikuwa akikusanya. Alifika kisiwani mwaka 1864 pamoja na Askofu Tozer, na mwaka 1870 akatoa kitabu chake cha kuongoza wanaojifunza Kiswahili kama kisemwavyo Zanzibar. Wataalamu hukitaja kwa sarufi yake. Mimi napenda kurasa zake za nyuma. Humo mna misemo ya kufaa siku kwa siku, mna mifano ya barua za Waswahili, ya nathari na ya mashairi, na mna hata kinyume, ule mchezo wa vijana wa kugeuza silabi ili wakubwa wasielewe. Mgeni gani alihitaji kujua kinyume ili anunue samaki? Hakuna. Lakini Steere alikuwa ameuliza, akajibiwa, naye akaandika hata yale majibu yasiyomfaa kitu. Ndiyo maana kitabu kile bado kina harufu ya watu.

Bara, katika vituo vya misheni vya Mpwapwa na Mamboya, kazi kama hiyo ilifanywa na Joseph Thomas Last. Mwaka 1885 alichapisha mkusanyo wa maneno na sentensi 250 katika lugha na lahaja 48, na mwaka uliofuata akatoa sarufi ya Kikaguru. Hebu mfikirie mtu anayebeba orodha ileile moja kutoka kijiji hadi kijiji, akiuliza maneno yaleyale kwa watu wa lugha baada ya lugha. Ni kazi ya kustahiwa. Walakini orodha si mazungumzo. Kila mtu katika lugha 48 alijibu maswali yaliyotungwa na mmoja, na katika mpango ule hapakuwa na safu ya maswali ambayo wao wangependa kumwuliza Last. Wasomaji wa Unguja wana sababu nyingine ya kumkumbuka bwana huyu: baada ya amri ya mwaka 1897 iliyoondoa hadhi ya kisheria ya utumwa, alihudumu kisiwani kama kamishna wa masuala ya utumwa. Aliyekuwa akiuliza maneno bara akawa akisikiliza madai pwani.

Sasa tuje kwenye karanga, maana hapo ndipo Kongwa ilipoingia katika magazeti ya dunia. Uingereza ilitoka vitani haina mafuta ya kula. Mwishoni mwa mwaka 1946 ikatangaza mpango wa kulima karanga katika ekari zaidi ya milioni tatu, sehemu kubwa Tanganyika, na kazi ikaanzia Kongwa mwaka 1947. Walikuja askari wa zamani kwa mamia, wakaja na katapila, wakaja hata na vifaru vya vita vilivyogeuzwa matrekta. Reli ya tawi ilijengwa kutoka Msagali. Mwaka wa kwanza zilikusudiwa ekari 150,000. Zilizopandwa zilikuwa 7,500 hivi. Udongo wa kiangazi ulikauka ukawa kama saruji, na mvua hazikuja kama zilivyoandikwa katika makadirio. Januari 1951 mpango ulifutwa, baada ya kula pauni zipatazo milioni 36.

Historia hiyo huelezwa kama kisa cha hesabu mbovu. Nami nasema palikuwa na kasoro nyingine iliyotangulia hesabu: ya mazungumzo. Wageni wengi walifika hawajui neno la Kiswahili, ilhali Kiswahili cha wageni kilikwisha kuwa na mila yake. Mwaka 1936 F. H. Le Breton alikuwa ametoa kitabu cha Kiswahili cha bara, na jina lake refu lilitaja bila kuficha kimeandikiwa nani: askari, mlowezi, mchimba madini, mfanyabiashara, na wake zao. Miaka michache tu kabla yake, wakubwa haohao wa serikali za kikoloni walikuwa wamechagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Basi pakawa na Kiswahili viwili. Kimoja cha kutahiniwa, chenye ngeli zake zote. Kingine, wenyewe wakikiita Kisetla, ambacho ngeli zimeng'olewa kama visiki na kitenzi kimebakia katika hali moja, ya kuamrisha. Lete, ondoa, ngoja, fanya upesi. Katika lugha hiyo mtu wa pili hana maneno. Ana mikono tu.

Wenyeji wa uwanda huu walijua jinsi mvua zao zinavyodanganya. Mgogo hawezi kuwa Mgogo bila elimu ya njaa. Lakini swali kama "mvua hapa hukatika lini?" lilihitaji mwulizaji aliye tayari kuketi, kusalimia kwa "mbukwa", kungoja salamu izunguke mpaka imalizike, kisha kusikiliza. Majibu yalipokuja yalikuja kwa njia nyingine. Septemba 1947 mgomo ulioanza kwa makuli wa bandari ya Dar es Salaam ulipanda na reli mpaka bara, na wafanyakazi wa Kongwa nao wakaweka zana chini. Hakuna kitabu cha mazungumzo kilichokuwa na sura ya mgomo.

Magofu ya mpango yalipata wapangaji wapya. Kuanzia mwaka 1964 wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika walipewa kambi Kongwa, wakiwamo watu wa ANC ya Afrika Kusini, FRELIMO ya Msumbiji na SWAPO ya Namibia. Hawa nao walikuwa wanafunzi wa lugha. Ndani ya kambi mlisikika Kixhosa, Kireno na Kiingereza. Nje ya uzio, penye kuku wa kununua, pombe ya mtama na wachumba, palihitajika Kiswahili. Sina haja ya kueleza ni shule ipi ilifundisha upesi zaidi.

Lakini jibu lililo kubwa kuliko yote uwanda wa kati ulilitoa kwa ushairi, na hapa ninawaomba wapenzi wa beti wanisikilize. Mathias Mnyampala alizaliwa mwaka 1917 katika nchi ya Dodoma. Alikuwa Mgogo, na Kiswahili kwake kilikuwa lugha ya kujifunza. Mwaka 1954 alichapisha kitabu cha historia, mila na desturi za Wagogo. Mwaka 1963 ikatoka diwani yake. Kisha akatupa ngonjera. Baada ya kufariki kwake mwaka 1969, vitabu viwili vya Ngonjera za UKUTA vilichapishwa, mwaka 1970 na 1971, na shule za Tanzania zikavipokea kama ardhi kavu inavyopokea mvua. Ngonjera ni nini ila mazungumzo ya wanafunzi? Mmoja hajui, au anapinga, mwingine anajua. Wanajibizana ubeti kwa ubeti, mbele ya watu, kwa sauti na kwa kutenda.

Najua washairi wa pwani waliozikunjia uso. Walisema zina siasa nyingi kuliko ushairi, na kwamba mwisho wake hujulikana kabla ya mwanzo, kwa kuwa mpinzani lazima ashindwe. Lawama hiyo ina ukweli. Sisi tumezoea majibizano ambayo hakuna aliyeandikiwa kushindwa, ambapo fumbo hufumbuliwa kwa fumbo kali zaidi. Walakini angalia jambo moja. Katika ngonjera, asiyejua hupewa mizani ileile na vina vilevile alivyopewa ajuaye. Mtoto wa shule ya kijijini, ambaye nyumbani anasema Kigogo au Kikaguru, alisimama akauliza kwa Kiswahili kilichonyooka, na swali lake likawa na uzuri sawa na jibu. Juma lililofuata alibadilishwa, akawa mjibuji. Sidhani kama kuna kitabu cha mazungumzo, cha lugha yoyote iliyopita njia hii, kilichompa kiasi hicho.

Hicho ndicho ninachokikosa katika Kiingereza cha madarasani. Tangu mwaka 1967 shule za msingi za serikali zilifundisha kwa Kiswahili, huku sekondari zikibaki na Kiingereza. Mwaka 1982 tume ya rais ya elimu, iliyoongozwa na Jackson Makweta, ilipendekeza Kiswahili kiingie sekondari kuanzia 1985, pendekezo halikutekelezwa. Badala yake, baada ya ripoti ya mwaka 1984 kueleza kuwa wanafunzi wengi hawakukijua Kiingereza kiasi cha kusomea, Uingereza ikagharimia mradi wa kukiimarisha kuanzia 1987, na maboksi ya vitabu vyepesi yakasafirishwa mashuleni. Sera ya mwaka 2014 ilikifungulia Kiswahili mlango wa ngazi zote, ila mlango haukupitwa.

Kwa hiyo mtoto anaanza kwa gudmoning ticha, darasa zima kwa sauti moja, na jibu la kwamba hajambo, ahsante, linatoka kinywani kabla hajaulizwa. Anajifunza kujibu kwa pamoja. Kuuliza peke yake ni somo ambalo huahirishwa. Kisha anafika kidato cha kwanza.

Mchukue msichana mmoja wa Mlali katika somo la baiolojia, siku ya mimea jamii ya kunde. Mwalimu amechora mkaranga ubaoni: ua liko juu, tunda liko chini ya udongo. Msichana huyu amezing'oa karanga kwa mikono yake. Anaujua mwaka ambao maganda yalitoka matupu, na ana swali kuhusu maganda hayo, swali ambalo mwaka 1947 lingeweza kuokoa fedha nyingi za watu. Analo kwa Kigogo, na kwa Kiswahili analo limepangika. Mwalimu anageuka, anauliza kwa Kiingereza kama kuna mwenye swali. Darasa linajibu kwa pamoja kwamba hakuna.