Ushirikiano wa kijeshi na taifa kubwa: namna Ufilipino ilivyopima ulinzi na uhuru wake

Nchi inapotia saini makubaliano ya kijeshi na taifa lenye nguvu kuliko yenyewe hupata mafunzo, zana na ahadi ya kusaidiwa wakati wa hatari. Wakati huohuo, inaweza kujikuta ikivutwa katika vita ambavyo haikuvichagua, au ikipoteza mamlaka juu ya sehemu ya ardhi yake. Ufilipino, iliyopata uhuru kutoka kwa Marekani tarehe 4 Julai 1946, imepitia hatua zote za suala hili: ilikubali, ikakataa, kisha ikakubali tena kwa masharti tofauti.

Mkataba wa mwaka 1947

Tarehe 14 Machi 1947, kabla haijatimiza mwaka mmoja wa uhuru, Ufilipino iliipa Marekani haki ya kutumia maeneo 23 ya kijeshi kwa miaka 99. Makubwa zaidi yalikuwa kituo cha anga cha Clark na kituo cha majini cha Subic Bay, vyote katika kisiwa cha Luzon. Mwaka 1951 nchi hizo zilitia saini Mkataba wa Ulinzi wa Pamoja, ambao unatumika hadi leo.

Malalamiko kuhusu mamlaka ya nchi yalisababisha marekebisho. Mwaka 1966 muda wa mkataba ulipunguzwa hadi miaka 25, hivyo ukomo wake ukawa mwaka 1991. Mwaka 1979 ilikubaliwa kuwa kambi hizo ni za Ufilipino, zipeperushe bendera yake na ziwe na kamanda Mfilipino, ingawa Marekani ilibaki na uhuru wa kuendesha shughuli zake za kijeshi humo.

Katiba na kura ya Seneti

Katiba ya mwaka 1987 iliweka kizuizi cha kisheria. Kwa mujibu wake, baada ya mwaka 1991 hakuna kambi wala majeshi ya kigeni yatakayoruhusiwa nchini isipokuwa kwa mkataba ulioridhiwa na Seneti, unaotambuliwa pia kuwa mkataba na nchi ya pili. Aidha, Bunge linaweza kutaka mkataba huo upigiwe kura ya maoni na wananchi.

Mwezi Juni 1991 mlima Pinatubo ulilipuka na kuifunika Clark kwa majivu. Ikabaki Subic, ambayo mkataba mpya ungeiruhusu kuendelea kwa miaka 10. Rais Corazon Aquino aliuunga mkono, lakini tarehe 16 Septemba 1991 maseneta 12 waliukataa dhidi ya 11. Majeshi ya Marekani yaliondoka Subic mwezi Novemba 1992. Ajira nyingi zilipotea, na Serikali ikaanza kuligeuza eneo hilo kuwa bandari huru ya biashara.

Kurejea kwa masharti mapya

Mwaka 1995 ilibainika kuwa China imejenga kwenye miamba ya Mischief, inayodaiwa pia na Ufilipino. Mwaka 1998 ulitiwa saini mkataba kuhusu majeshi ya Marekani yanayozuru nchini, na Seneti ikauridhia mwaka 1999. Mwaka 2014 yalifuata makubaliano yanayoiruhusu Marekani kutumia maeneo yaliyomo ndani ya kambi za Ufilipino. Majengo ya kudumu ni mali ya Ufilipino, na silaha za nyuklia haziruhusiwi. Maeneo hayo yalikuwa matano mwanzoni. Mwaka 2023 yaliongezwa manne.

Mjadala haujaisha. Baadhi ya maeneo mapya yapo kaskazini mwa Luzon, upande wa Taiwan, na wakosoaji wanahofia kuwa mgogoro wa mataifa makubwa utaifikia nchi yao. Suala jingine ni mahakama: chini ya mkataba wa 1998, Marekani inaweza kuomba kubaki na mwanajeshi wake anayeshtakiwa hadi kesi imalizike.

Mambo ya kupimwa

Historia hii inaonesha kuwa uhuru wa taifa haupimwi kwa kukubali au kukataa ushirikiano peke yake. Hupimwa kwa majibu ya maswali manne: mkataba una ukomo gani, na unavunjwaje? Ardhi na majengo ni ya nani? Mgeni akitenda kosa atahukumiwa na nani? Na ni chombo gani cha nchi chenye mamlaka ya kuukataa?

Miaka 99 iliyotolewa mwaka 1947 ingefika mwaka 2046. Kilichowawezesha Wafilipino kuamua upya ni kufupishwa kwa muda huo, pamoja na Katiba iliyoipa Seneti kauli ya mwisho. Kwa Tanzania, Ibara ya 63(3)(e) ya Katiba inalipa Bunge jukumu la kujadili na kuridhia mikataba ambayo masharti yake yanahitaji kuridhiwa. Ni hapo ambapo maswali hayo manne hupaswa kuulizwa, kabla nchi haijafungwa na majibu yake.