Kikwazo cha Kazi: Nguvukazi ya Ngara na Biharamulo Tangu Kodi ya Mkoloni

Katika madarasa ya siasa, mwanafunzi akiulizwa kwa nini kijana fulani hana kazi, jibu la kwanza mara nyingi huwa kwamba kijana huyo ni mvivu. Jibu hilo lina historia. Lilikuwa jibu la mwenye shamba la mkonge, likawa jibu la Bwana Shauri katika Boma, na baada ya Uhuru wako viongozi waliolirithi pamoja na viti vya ofisi. Makala hii inakusudia kulipima kwa kutazama hali halisi ya wilaya mbili, Ngara na Biharamulo, ambazo kwa muda mrefu zilitoa mikono iliyokwenda kustawisha mashamba ya watu wengine. Kila mpango wa kazi, uwe wa mkoloni au wa Serikali ya wananchi, una dhana yake juu ya kile kinachomzuia mtu asifanye kazi yenye faida kwake. Dhana ikiwa mbaya, hata fedha nyingi haziwezi kuusaidia mpango huo.

Tuanze na nchi yenyewe. Bugufi, ambayo Waingereza waliitenga na Urundi baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ni nchi ya vilima, migomba na maharage, yenye watu wengi waliobanana. Ukiteremka kuelekea Biharamulo unaingia katika mapori ya mbung'o. Huko, katika miaka ya 1930, serikali ya kikoloni iliwahamisha watu kutoka sehemu mbalimbali na kuwakusanya katika makazi makubwa kwa sababu ya malale. Watu wa nchi hizi walikuwa wakilima, wakifuga, wakifua chuma na kubadilishana mazao yao. Hakuna aliyewaita wavivu mpaka ilipokuja kodi ya fedha taslimu.

Sheria ya mwaka 1922 ya kodi ya nyumba na ya kichwa haikujali kama mtu ana mahali pa kupatia fedha. Reli ilikuwa imefika Kigoma mwaka 1914, na Mwanza ilifika mwaka 1928. Mkulima wa Bugufi alikuwa mbali na zote mbili. Mkungu wa ndizi haubebwi kichwani mpaka stesheni ukauzwa kwa faida. Asiye na fedha aliweza kulazimishwa kuilipa kodi kwa jasho, akitengeneza barabara au akibeba mizigo ya serikali. Kwa hiyo mlango uliobaki wazi ulikuwa ule wa kuondoka. Watu walikwenda kaskazini kulima pamba na kahawa ya matajiri wa Buganda. Wengine wa nchi hizi za magharibi walielekea pwani, kwenye mkonge.

Hapa hapana budi tukae kidogo, maana huko mkonge ndiko tunakokuta mpango mkubwa kabisa wa ajira uliopata kuendeshwa katika Tanganyika ya kikoloni. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge waliunda chombo chao cha kukusanya vibarua, kikajulikana kwa jina la SILABU. Kilikuwa na mawakala, malori, kambi za kupumzikia njiani, chakula na uchunguzi wa afya. Mtu alichukuliwa kwao, akasafirishwa kwa gari moshi mamia ya maili, akapewa namba, na kutokana na namba hiyo akaitwa manamba. Alipewa kipande cha siku 30. Siku aliyoumwa haikuhesabiwa, na siku ambayo hakuimaliza kazi aliyopimiwa haikuhesabiwa vilevile. Sheria ya mabwana na watumishi ya mwaka 1923 ilifanya kuvunja mkataba kuwa jinai.

Mtu akiutazama mpango huu kwa juu juu anaweza kuusifu, kwani ulimtoa mtu wa mbali asiye na kisomo wala nauli ukamfikisha kwenye mshahara. Lakini tujiulize ulikifanya nini kikwazo. Haukukigusa. Haukujenga barabara ya Ngara wala haukuleta mbegu wala mnunuzi wa mazao. Haukuweza kufanya hivyo, kwa sababu siku ambayo mtu wa magharibi angepata fedha ya kodi nyumbani kwake, mkonge ungekosa manamba. Umaskini wa wilaya za pembeni ulikuwa ndiyo mali ghafi ya SILABU. Na ushahidi uko katika kifo chake. Chombo hicho kilifungwa mwaka 1965, baada ya mishahara ya mashambani kupanda na waajiri kuamua kubaki na wafanyakazi wachache wa kudumu, huku nyuzi za viwandani zikianza kuupiga vita mkonge. Mabepari walipokuwa hawaihitaji tena mikono ya mbali, huruma yao kwa mtu wa mbali ilikwisha.

Wakati huohuo, jambo dogo lilikuwa limekwisha kutokea huko Bugufi. Mwaka 1936 chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa kiliandikishwa, miaka michache tu baada ya ule wa Kilimanjaro. Vitabu vyetu vya historia ya ushirika huwapa Wachaga kurasa nyingi na Bugufi nusu mstari, jambo ambalo si haki. Mkulima mwenye miche ya kahawa na chama cha kumuuzia alipata fedha ya kodi bila ya kuvuka mpaka. Hata hivyo tusitie chumvi. Kahawa ilitaka shamba. Kijana ambaye baba yake aligawa kihamba kwa wana watano, na mjane aliyetegemea mashemeji, hawakuingia katika ushirika kwa sababu hawakuwa na cha kuingilia. Kikwazo kimoja kilipoondoka, kingine kilionekana nyuma yake, nacho kilikuwa cha tabaka.

Baada ya Uhuru, na hasa baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, msingi wa sera uligeuzwa. Kazi ikawa haki na wajibu wa kila mtu, na kuishi kwa jasho la mwingine kukawa ni unyonyaji. Jeshi la Kujenga Taifa, lililoanzishwa mwaka 1963, liliwachukua vijana, likawafunza ukakamavu na kazi za mikono. Lakini kwa mtu mzima wa Biharamulo, nadhani jambo kubwa zaidi lilikuwa kisomo. Mkoa wa Ziwa Magharibi, kama Kagera ulivyoitwa mpaka mwaka 1979, ulikuwa mmoja wa mikoa minne ya Kanda ya Ziwa ambamo mradi wa kisomo cha kazi uliendeshwa tangu mwaka 1968 kwa msaada wa UNESCO. Vitabu vyake vya kwanza vilifuata kazi ya msomaji: pamba, migomba, uvuvi, ufugaji. Mwanafunzi alisoma neno "mbolea" na papo hapo akajifunza mbolea ni nini. Katika nchi nzima, wasiojua kusoma walikuwa asilimia 67 mwaka 1967. Mwaka 1975 walipungua wakawa asilimia 39, na mwaka 1977 asilimia 27.

Maana ya tarakimu hizo ni lazima ielezwe kwa mfano wa mizani. Mkulima asiyejua tarakimu alisimama mbele ya karani wa mizani kama kipofu. Kazi aliifanya mwaka mzima, lakini sehemu ya kazi hiyo ililiwa katika dakika moja ya kupima. Kisomo hakikumpa ajira mtu huyo, kilimrudishia ujira wake. Katika hesabu za wataalamu wa ajira jambo hilo halionekani, maana kwao mkulima huyo hakuwa amekosa kazi hata siku moja.

Kuanzia mwaka 1975 vilifunguliwa Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, kwa kuiga shule za watu wazima za Sweden, na Biharamulo ikapata chuo cha Rubondo. Shabaha ilikuwa kuwachukua watu kutoka vijijini, kuwafunza ufundi, kisha warudi kwao. Shabaha ilikuwa nzuri. Upungufu ulikuja katika kurudi. Seremala aliyefunzwa vizuri alifika kijijini bila randa, bila msumeno, na katika miaka ya mwanzo ya 1980, wakati hata misumari ilikuwa adimu madukani, ufundi wake ulikaa kichwani tu. Chuo kilitoa ujuzi, lakini hakuna chombo kilichopewa jukumu la kumpatia fundi zana na masoko.

Mwaka 1983 likaja jambo ambalo makada wanapaswa kulijadili kwa uwazi. Sheria ya Nguvu Kazi ilipitishwa ili kila mtu mwenye uwezo afanye kazi halali. Nia yake haikuwa na kasoro, na kwa upande wa waajiri na halmashauri sheria iliweka wajibu pia. Lakini utekelezaji uliangukia upande mmoja. Mijini watu walikamatwa barabarani, wakadaiwa vitambulisho vya kazi, na waliokosa wakapakiwa kwenye magari kurudishwa walikotoka. Miongoni mwao walikuwamo wauza karanga na mafundi viatu, yaani watu waliokuwa kazini hasa. Aliyerudishwa alikuta shamba lilelile finyu, bei ileile na kijiji kilekile kisicho na zana, naye kabla ya msimu kwisha alikuwa amekwisha kurudi mjini. Mkoloni alimsomba mtu kutoka wilaya maskini kumpeleka kwenye kazi, na sisi tukamsomba kutoka kwenye kazi yake ndogo kumrudisha wilaya maskini. Mwelekeo wa gari ulibadilika, dhana haikubadilika.

Ikumbukwe pia kwamba mwaka mmoja kabla, 1982, ilitungwa sheria ya ajira kwa walemavu iliyowataka waajiri wakubwa watenge asilimia 2 ya nafasi. Mwaka 2010 sheria mpya ilipandisha kiwango kufikia asilimia 3 kwa mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi. Wilaya kama Ngara ina waajiri wangapi wa namna hiyo, ukiacha Serikali na halmashauri? Sheria inaweza kuwa ya haki na bado isimfikie mtu wa kijijini.

Wakimbizi nao wanatupa funzo. Katika miaka ya 1960 Wanyarwanda waliokimbilia Ngara walipewa ardhi huko Muyenzi, wakalima, na mwaka 1980 Tanzania ikatoa uraia kwa wakimbizi wa Rwanda wapatao 36,000 katika nchi nzima. Mambo yalikuwa mengine kuanzia tarehe 28 Aprili 1994, pale watu wapatao 250,000 walipovuka daraja la Rusumo katika muda wa saa ishirini na nne na kujaza Benaco. Safari hii hapakuwa na mashamba ya kuwagawia. Baadaye utaratibu ulimfungia mkimbizi ndani ya kilometa 4 kutoka kambini. Kwa kuwa mtu akizuiwa kufanya kazi kihalali huifanya kwa kujificha, mikono hiyo iliuzwa kwa bei ya kutupa. Nani alifaidi? Mkulima mwenye shamba kubwa alipanua migomba yake kwa vibarua wa bei nafuu. Msomi mwenye Kiingereza aliajiriwa na mashirika ya misaada. Mwananchi maskini wa Ngara, aliyekuwa akiishi kwa kulima mashamba ya wenzake, alikuta ujira wake umeporomoka. Wanaosema wakimbizi waliifaidi Ngara na wanaosema waliiumiza wote wana ukweli, ila hawasemi habari ya tabaka moja.

Mipango ya miaka ya karibuni imejifunza mambo kadhaa. TASAF, iliyoanzishwa mwaka 2000, ilipoingia awamu ya kunusuru kaya maskini mwaka 2012, iliweka kazi za muda: siku 60 kwa mwaka, ujira shilingi 2,300 kwa siku, watu wakichimba malambo, wakipanda miti na kutengeneza barabara za kijiji. Tofauti na kazi ya kodi ya mwaka 1922 ni kwamba barabara hii ni ya mfanyakazi mwenyewe. Udhaifu wake ni kwamba siku 60 hazimpi mtu ufundi. Mikopo ya halmashauri isiyo na riba, asilimia 4 ya mapato kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, ingeweza kumpa seremala wa Rubondo randa aliyoikosa. Lakini fedha nyingi zilikwenda kwa vikundi hewa, hata Serikali ikaisitisha Aprili 2023 na kuirudisha mwaka 2024 kwa utaratibu mpya.

Sasa kuna nikeli ya Kabanga. Mkataba wa Januari 2021 uliweka mgodi Ngara na mtambo wa kusafisha madini Kahama, yaani sehemu kubwa ya kazi za kiufundi ilipangwa iwe mbali na Ngara. Biharamulo imekwisha kuona mgodi wa dhahabu wa Tulawaka ukifunguliwa mwaka 2005 na mwekezaji wake akiuacha mwaka 2013. Kada wa kata anayetaka kujiandaa aanze na orodha mbili: mafundi wa aina gani watatakiwa, na vijana wa kata yake, wa kike na wa kiume, walioishia darasa la saba ni wangapi. Orodha ya pili anaweza kuipata wiki hii kwa kutembelea mabalozi wa nyumba kumi.