Kladribini, madhara ya

Kladribini ni dawa ya vidonge ya multipo skilerosisi, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia utando wa neva za ubongo na uti wa mgongo. Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2023. Hupunguza limfositi, chembe nyeupe za kinga, na humo humo hutoka madhara yake: mkanda wa jeshi, na kifua kikuu kilicholala kuamka. Kwa mkazi wa Kitale au Bungoma, hili la pili ndilo zito, kwani Kenya ina kifua kikuu kingi. Apimwe kwanza, pamoja na VVU. Mwenye VVU hapewi, wala mjamzito, maana huweza kulemaza mimba. Vidonge humezwa siku chache tu kila mwaka, kwa miaka 2, lakini damu hupimwa tena miezi 2 na 6 baada ya kuanza.